Wajerumani nao walibishana, na stesheni ya Stuttgart ni shahidi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi aliyetushauri hivi karibuni, sisi wakazi wa Lamu, tuache kelele juu ya mradi wa LAPSSET, yaani ule wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, na hasa juu ya reli ambayo imepangwa kuanzia kwenye bandari mpya upande wa bara na kuelekea Isiolo. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi zilizoendelea hazikujengwa kwa mabaraza, na mfano alioutegemea ni wa Ujerumani, ambako kwa maelezo yake serikali huamua, mhandisi huchora, fundi hujenga, na mwananchi hungoja siku ya kukata tikiti. Simlaumu kwa kuwaza hivyo. Hapa kwetu mtu akipita mbele ya jumba la makumbusho la Posta ya Wajerumani, nyumba iliyofanya kazi hiyo tangu 1888 hadi 1891, huondoka na picha ya watu wa ratiba na nidhamu, wasiokuwa na muda wa kubishana. Hata hivyo, ukitafuta mfano wa watu walionyamaza wakaletewa maendeleo, Ujerumani si mahali pa kwenda, na habari za reli ndizo mbaya zaidi kuzichagua, kwa sababu mmoja wa migogoro mikubwa ya kiraia iliyoitikisa nchi hiyo katika miaka ya karibuni ulizuka kwa ajili ya stesheni ya treni.

Stesheni hiyo ni ile kuu ya Stuttgart, mji mkuu wa jimbo la Baden-Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Reli ilifika mjini humo miaka ya 1840, wakati Württemberg ingali ufalme wenye mfalme wake, na stesheni ya kwanza ilijengwa katikati kabisa ya mji, karibu na kasri. Mji ukakua, stesheni ikawa finyu, ikajengwa nyingine palepale katika miaka ya 1860, nayo haikuchukua muda ikazidiwa na wasafiri. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaamuliwa kwamba stesheni mpya isibanwe tena katikati ya mitaa bali isogezwe kando kidogo, na ile ya zamani ikaachwa, matao yake ya mbele yakaja kuingizwa katika jumba la sinema ambalo lipo hadi leo. Likaitishwa shindano la wasanifu majengo, na mwaka 1911 wakashinda Paul Bonatz na mwenzake Friedrich Eugen Scholer.

Ujenzi ulianza 1914, mwaka ambao Vita vya Kwanza vya Dunia vililipuka, na mtu anaweza kukisia mwenyewe jinsi kazi ilivyokwenda. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa Oktoba 1922, na jengo zima likakamilika 1928. Katikati ya miaka hiyo kumi na minne himaya ilianguka, mfalme wa Württemberg akaondoka katika kiti chake, na fedha ya nchi ikapoteza thamani yote. Nayataja haya kwa sababu tunapenda kudhani kwamba kuchelewa ni ugonjwa wa Afrika.

Nilipata kuiona stesheni hiyo nilipomtembelea mpwa wangu anayefanya kazi huko, na kitu kilichonishika si ukubwa wake bali mawe yake. Kuta za nje zimevikwa mawe ya chokaa yaliyochongwa kwa makusudi yabaki na mikwaruzo na vinundu, na ukiyasogelea hadi uso wako ukaribie kuligusa jiwe, utaona ndani yake vipande vya kombe na chaza wa bahari iliyokauka kabla binadamu hajakuwapo. Mtu wa Lamu hawezi kulipita jiwe kama hilo bila kusimama. Nyumba zetu za mjini nazo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na juu yake zikawekwa boriti za mikoko. Kwa hiyo huko bara kabisa, mbali na pwani yoyote, nilijikuta nimesimama mbele ya ukuta uliotoka baharini. Juu ya jengo upo mnara wa mita 56, na kileleni mwa mnara huo iliwekwa mwaka 1952 nyota inayozunguka ya kampuni ya magari ya Mercedes, ambayo makao yake yako mjini humo. Binafsi naona nyota ile haipendezi juu ya jengo la umma, lakini wenyeji wameizoea.

Katika Vita vya Pili vya Dunia jengo liliharibiwa vibaya kwa mabomu, kisha likakarabatiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1987 likatambuliwa rasmi kuwa jengo la kihistoria linalolindwa na sheria. Naomba msomaji aikumbuke hadhi hiyo, maana sisi tunaoishi katika mji ulioandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 hupenda kuamini kwamba cheti cha namna hiyo kinatosha kumzuia mwenye tingatinga.

Tatizo la stesheni ya Bonatz, kwa wanaoliita tatizo, ni kwamba reli zake 16 zinakomea ndani ya stesheni. Treni huingia kwa kichwa, na ikitaka kuendelea na safari sharti dereva ashuke, aende upande wa pili, na kuitoa kwa mkia. Utaratibu huo hula dakika kadhaa, na pia huhitaji uwanja mpana sana wa reli katikati ya mji, hekta nyingi za ardhi ambayo bei yake hupanda kila mwaka. Aprili 1994 wakuu wa serikali ya jimbo, jiji, serikali kuu na shirika la reli walikaa mbele ya waandishi wa habari, miongoni mwao meya Manfred Rommel, ambaye ni mwana wa yule jemadari aliyepigana Afrika Kaskazini, wakatangaza mpango ulioitwa Stuttgart 21. Stesheni ingezamishwa chini ya ardhi na kugeuzwa upande, reli 16 zingekuwa nane za kupita moja kwa moja, mahandaki ya karibu kilomita 60 yangechimbwa chini ya mji, na uwanja wa zamani wa reli ungeachwa huru kwa ajili ya mitaa mipya. Wakazi wengi walilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza siku hiyo, likiwa tayari limeiva.

Sitaki kuonekana kwamba naukejeli mpango huo, kwa sababu una mantiki yake, na mchoro wa Christoph Ingenhoven ulioshinda shindano la 1997 ni mzuri: nguzo 28 za zege nyeupe zinazopanuka kuelekea juu mithili ya kikombe chenye mguu na kuwa ndio paa lenyewe, na vioo vinavyopitisha mwanga wa mchana hadi kwenye majukwaa ya chini. Wapinzani nao hawakuwa watu wasiopenda reli. Wengi wao walikuwa wapenzi wa treni, wakiwemo wahandisi, na maswali yao yalikuwa ya kihandisi. Je, reli nane zitabeba treni zote zinazobebwa na 16? Itakuwaje kwa majukwaa yaliyoinama milimita 15 kwa kila mita, wakati mtu amesimama na gari la mtoto? Na maji? Stuttgart ina chemchemi nyingi za maji ya madini, na katika miamba ya chini yake imo tabaka ya madini iitwayo anhidriti, ambayo ikiguswa na maji huvimba na kuinua kila kilicho juu yake. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Katika mji mdogo wa Staufen, katika jimbo hilohilo, uchimbaji wa visima vya kutafuta joto la ardhini mwaka 2007 uliyapeleka maji kwenye tabaka ya namna hiyo, na nyumba zaidi ya mia mbili zikapasuka nyufa.

Mwaka huohuo wa 2007 ndipo ilipotokea jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha habari nzima, ingawa magazeti ya nje hulitaja kwa nadra. Wakazi wa Stuttgart walikusanya saini zipatazo 67,000, mara tatu ya idadi iliyotakiwa na sheria, wakiomba jiji liitishe kura ya maoni juu ya kushiriki kwake katika mradi. Baraza la jiji lilikataa mwezi Desemba, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba jiji lilikwisha kujifunga kwa mikataba na halikuwa tena na la kuamua. Yaani mwananchi aliambiwa kwamba amechelewa kuuliza, na waliomwambia hivyo ndio hao waliotia saini kabla hajaulizwa. Mahakama baadaye ilikubali kwamba kisheria baraza halikukosea. Kisheria, sawa.

Tangu mwishoni mwa 2009 watu wakaanza kukutana mbele ya stesheni kila Jumatatu jioni. Hawakuwa vijana wa kurusha mawe. Walikuwa wastaafu, walimu, wenye maduka, wanasheria waliotoka kazini na mikoba yao. Mjukuu wa Bonatz alikwenda mahakamani kudai kwamba kuvunja mabawa ya jengo ni kuiharibu kazi ya sanaa ya babu yake, akashindwa. Agosti 2010 bawa la kaskazini likaanza kubomolewa, hadhi ya kihistoria ikiwa pale pale kwenye makaratasi. Kisha ikafika tarehe 30 Septemba 2010, ambayo wenyeji huiita Alhamisi Nyeusi. Polisi waliingia katika bustani iliyo kando ya stesheni ili kufungua njia ya kukata miti mikubwa ya zamani, wakakuta umati ambao ndani yake walikuwemo wanafunzi wa shule waliokuwa na maandamano yao siku hiyo. Wakatumia magari ya kurusha maji kwa nguvu na dawa ya pilipili. Zaidi ya watu mia moja waliumia, na mzee mmoja, mhandisi mstaafu, maji yalimpiga machoni akabaki karibu kipofu. Picha yake, akishikiliwa na watu wawili huku damu ikitiririka kutoka machoni, ilizunguka dunia nzima. Usiku uleule miti ya kwanza ikakatwa. Miaka mitano baadaye, Novemba 2015, mahakama ya jimbo iliamua kwamba operesheni hiyo ya polisi haikuwa halali.

Hapo ndipo serikali ilipokumbuka mabaraza. Mwanasiasa mkongwe Heiner Geißler, ambaye zamani alikuwa katibu mkuu wa chama kilichotawala jimbo hilo, aliombwa awe mpatanishi, naye akaweka sharti ambalo ningependa kila ofisa wa miradi nchini Kenya alisome mara mbili: hoja zote zitolewe mezani, nyaraka ziletwe, wataalamu wa pande zote mbili waketi kwa usawa, na mazungumzo yote yarushwe moja kwa moja kwenye televisheni. Kwa wiki kadhaa za Oktoba na Novemba 2010 Wajerumani walikaa majumbani wakitazama watu wakibishana juu ya ratiba za treni, mwinuko wa reli na tabia ya anhidriti, na Geißler kila mara akimkatiza mtaalamu aliyejificha nyuma ya istilahi, akimtaka aseme kwa lugha ya mtu wa kawaida. Mwisho wa yote alipendekeza ujenzi uendelee, lakini kwa masharti ya kuboresha mpango na kuufanyia jaribio la kuthibitisha uwezo wake.

Machi 2011 chama kilichoshika serikali ya jimbo tangu 1953 kikaondolewa, na Winfried Kretschmann akawa wa kwanza kutoka chama cha Kijani kuongoza jimbo lolote la Ujerumani. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, iliyotokea mwezi huohuo, nayo ilichangia ushindi huo, kwa hiyo sitasema stesheni peke yake ndiyo iliyoiangusha serikali. Tarehe 27 Novemba mwaka huo kura ya maoni iliyokataliwa 2007 ikafanyika hatimaye, safari hii jimbo zima. Asilimia 58.9 ya waliopiga kura walikataa jimbo lijitoe katika kuugharimia mradi. Hata ndani ya jiji la Stuttgart kwenyewe wanaotaka mradi uendelee walikuwa wengi. Wapinzani walishindwa, na sioni sababu ya kuificha habari hiyo kwa kuwa hainipi hoja ninayoitaka. Au tuseme, hunipa nyingine iliyo bora zaidi.

Mwandishi wetu anasema kelele ndizo zinazochelewesha maendeleo na kuyapandisha gharama. Basi na tuhesabu. Mwaka 1995 mradi ulikadiriwa kuwa wa maki bilioni 4.9, fedha ya Ujerumani ya wakati huo, yaani kama euro bilioni 2.5. Mkataba wa 2009 uliweka kikomo cha takriban euro bilioni 4.5. Baada ya kura ya 2011 hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuusimamisha tena. Waliobaki wakikutana Jumatatu walikuwa wachache, na walikuwa wakizungumza tu. Katika kipindi hicho cha utulivu ndipo gharama ilipopanda hadi euro bilioni 6.5 mwaka 2013, bilioni 8.2 mwaka 2018, na karibu bilioni 11 mwaka 2023. Tarehe ya kufunguliwa, iliyokuwa 2019, ikasogezwa 2021, kisha 2025, kisha Desemba 2026, na mwishoni mwa 2025 shirika la reli likatangaza kwamba hata hiyo haitawezekana. Mwaka 2024 mahakama iliamua kwamba ziada ya gharama ni mzigo wa shirika la reli peke yake, wala jimbo na jiji hawawezi kulazimishwa kuuchangia. Ikiwa kelele ndicho chanzo cha hasara, mbona hasara kubwa imekuja baada ya kelele kutulia?

Sababu zilizotajwa na wajenzi wenyewe ni zilezile zilizoulizwa mapema: miamba yenye anhidriti iliyohitaji uangalifu mkubwa, maji ya ardhini, kinga ya moto katika mahandaki, bei za ujenzi zilizopanda, na mwishoni mitambo ya kidijitali ya kuongoza treni, ambayo imewashinda kuiweka kwa wakati. Hata mijusi imo katika hesabu. Kuna aina ya mjusi anayelindwa kisheria aliyekuwa akiota jua kando ya reli, na ilibidi maelfu yao wakamatwe mmoja mmoja na kuhamishiwa makazi mapya, kwa gharama iliyowafanya walipa kodi kushika vichwa. Sisemi mjusi hana haki. Nasema tu kwamba wavuvi wetu wangefurahi kuhamishwa kwa uangalifu wa kiasi hicho.

Nimelitaja hilo kwa sababu mambo ya Stuttgart yanagusa yetu moja kwa moja. Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua Aprili 2018, katika kesi iliyofunguliwa 2012, kwamba mradi wa bandari ya Lamu uliendeshwa bila ya umma kushirikishwa ipasavyo, na kwamba haki za wakazi za kupata habari, mazingira safi na utamaduni wao zilikiukwa. Ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 jopo la kitaifa linaloamua kesi za mazingira likafuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa hapa Lamu, na miongoni mwa sababu zake kubwa ilikuwa ileile ya wananchi kutoshirikishwa kwa dhati. Wakati huo huo bandari ilijengwa, na Mei 2021 meli za kwanza zikatia nanga. Kwa hiyo hakuna ajuaye Lamu vizuri anayeweza kusema kwamba hapa watu wamezuia kila kitu. Walichofanya ni kuuliza, na walipoyapeleka maswali mahakamani, majaji wakakuta yana msingi.

Sasa inakuja reli, na njia yake ndiyo bado haijaanza kujengwa. Huu ndio wakati ambao kwa Stuttgart ulikuwa kati ya 1994 na 2007, wakati ambao swali halina gharama kubwa zaidi ya karatasi na muda wa kikao. Ningependa kujua stesheni ya abiria itakaa wapi upande wa bara, na mtu wa mitaa ya mjini Lamu kama Mkomani au Langoni atafikaje huko na mizigo yake, ikiwa sharti kwanza avuke kwa mashua hadi Mokowe. Ningependa kujua kama njia itapita katika mashamba ya watu wa Hindi, kijiji kilicho upande wa bara, ambao hadi leo wengine wao wanahangaika kupata hatimiliki, kwa kuwa mtu asiye na karatasi hupata taabu kudai fidia hata kama baba yake alizikwa hapo. Na ningependa kujua maji yatatoka wapi. Mji wa Lamu hunywa maji yanayohifadhiwa chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Mvua huingia mchangani, ikakaa juu ya maji ya chumvi, na visima huyachota kwa kiasi. Ukiyachota kupita kiasi, chumvi hupanda, na haishuki kwa amri ya waziri. Mji mpya wa reli na bandari utakuwa na watu, na watu hao watakunywa. Swali hili ni la anhidriti yetu sisi, na linahitaji jibu la mhandisi wa maji kabla ya mhandisi wa reli hajapiga vigingi.

Mwandishi atasema kwamba mabaraza ya kushirikisha umma yamefanyika. Yapo yaliyofanyika, na nimekaa katika baadhi yake. Mara nyingi mtu hupewa chupa ya maji na soda, huonyeshwa mchoro wa rangi ukutani kwa mbali, akaelezwa kwa Kiingereza kilichotafsiriwa nusu, kisha karatasi ya mahudhurio ikazungushwa itiwe saini. Saini hiyo baadaye huwa ushahidi kwamba umeridhia. Wajerumani wa 1994 hawakupewa hata soda, lakini wale wa 2010 walipewa nyaraka, wataalamu wa kuwasaidia kuuliza, na kamera ya kuwashuhudia, na tofauti baina ya hayo mawili ndiyo ninayotaka tuizungumze badala ya kuhesabu nani anapenda maendeleo na nani hayapendi.

Kuhusu stesheni ya Bonatz, nilipoiona mabawa yake yote mawili yalikuwa yamekwisha kuvunjwa, na lililobaki, yaani ukumbi mkuu na mnara, lilikuwa limezungushiwa mabati na jukwaa za ujenzi. Majukwaa yamesogezwa nyuma kiasi cha mita 120 tangu 2013 ili kulipa nafasi shimo la ujenzi, na abiria wakishuka huburuta masanduku yao kwenye vichochoro virefu vya mbao ambavyo, mpwa wangu aliniambia, hubadilishwa njia kila baada ya muda, hivyo kwamba hata mwenyeji hupotea. Kikongwe mmoja alikuwa amesimama katikati ya kichochoro amekamata ukuta, akipumzika, na watu wakimpita kwa haraka. Hiyo ndiyo hali ya stesheni katika nchi ambayo, kwa mujibu wa barua niliyoisoma, hujengwa bila maneno.

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Gazeti lako lina waandishi Nairobi wanaoweza kugonga milango ambayo sisi hatuifikii. Itafuteni ramani ya njia ya reli kutoka Lamu hadi Isiolo kama ilivyo sasa katika ofisi zinazohusika, pamoja na makadirio ya gharama na mwaka yalipofanyiwa, mkaichapishe ukurasa mzima, kwa maandishi ya Kiswahili na kwa kipimo ambacho mtu wa Hindi, Mokowe au Witu ataweza kuliona shamba lake. Mkiambiwa ramani haijakuwa tayari, andikeni hivyo hivyo, pamoja na tarehe mliyojibiwa.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu